Nilikwenda Ulaya kwa Baiskeli

Juzi walisimama dukani kwangu, hapa Mabwerebwere, Kilosa, vijana wa baiskeli. Wamevaa kofia ngumu kama za wachimba migodi na kaptura za kubana ambazo mimi nisingetoka nazo hata uani. Baiskeli zenyewe zina matairi manene, hazina keria, hazina madigadi, hata kengele hazina. Mmoja alikuwa Mzungu, Kiswahili chake kizuri tu, akanipa shikamoo kama mtoto aliyelelewa. Akauliza njia ya kufika Mikumi isiyo na magari. Anataka vumbi na changarawe, apite bonde la mto, apite msituni, na kama kuna mashamba ya zabibu apite na huko. Nikamwambia zabibu ziko Dodoma, huku ataona mkonge. Nikamwuliza ametoka wapi.

"Ulaya, bibi."

"Ulaya mimi nilifika wewe hujazaliwa," nikamwambia. "Nilikwenda kwa baiskeli."

Alinitazama kama mtu anayemtazama kizee aliyeanza kuchanganyikiwa. Wateja wangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwenzake yule Mzungu alikuwa amepindua baiskeli anaziba pancha, na harufu ya ile gundi iliponifikia sikuwasikia tena. Harufu ya gundi ya pancha kwangu mimi ni harufu ya baba yangu siku akiwa na safari.

Anayetoka Kilosa ameshaelewa. Asiyetoka huku namwambia: Ulaya ni kijiji. Kipo kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na watu wake ni wakulima, weusi kama mimi. Nani alikiita hivyo sijui, na sitadanganya. Ila mimi nilizaliwa upande wa pili, Rudewa, kwenye kambi ya mkonge, na mtoto wa kule Ulaya aliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya mwalimu: iko ng'ambo ya maji, ina baridi, watu wake weupe, na anayekwenda huko harudi leo wala kesho. Hiyo niliisikia vizuri kwa sababu ilikuwa karibu na mwisho wa masomo yangu. Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba hii ninayoandikia, na mashine za kusaga zilizoko nyuma yake, hakuna aliyenipa. Kwa hiyo nikikosea herufi, anayejua zaidi asahihishe kimoyomoyo, tuendelee.

Ulikuwa wakati wa watu kuhamia vijijini. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiishi na mjomba huko mabondeni upande wa Mikumi, kule ambako nyumba moja iko hapa na ya pili ukiita hawakusikii. Ikaja amri watu wote wasogee, wajenge pamoja. Habari ilipotufikia Rudewa aliileta dereva wa lori la mkonge. Alizima injini mbele ya nyumba yetu akamwambia mama, "Dada, mama yako amehamishiwa Ulaya."

Mama akakaa chini, mikono kichwani. Mimi nilidhani najua kwa nini. Bibi yangu, ambaye hajawahi kuvaa viatu, kwenye baridi ile.

Mama alitaka kwenda kumwona, na usafiri ulikuwapo, umeegemea ukuta wa nyumba yetu. Baiskeli ya baba ilikuwa nyeusi, nzito, na ukiigonga ilijibu kama kengele ya kanisa. Aliipaka mafuta ya nazi ambayo mama alinyimwa ya kupaka nywele. Ilikuwa imebeba magunia ya mahindi, imembeba mnyapara akiwa amelewa, imebeba mbuzi aliyelalamika njia nzima. Lakini mama aliposema, "Baba Tatu, nipeleke nikamwone mama," baba alitazama magurudumu.

"Njia ya kule mbaya. Spoki zitakatika."

"Gunia la mahindi halikati spoki, mimi ndiyo nizikate?"

"Gunia linatulia," akasema baba. "Mwanamke ukimpakia anageukageuka kutazama watu."

Mimi nilicheka. Niliona baba amejibu vizuri sana. Mama hakucheka, akaingia ndani, na baba akadhani ameshinda.

Asubuhi moja nikaamka nikakuta uji umefunikwa na khanga za mama hazipo kwenye kamba. Jirani yetu Mama Hadija alikuwa ananisubiri mlangoni. "Mama yako kapanda lori la alfajiri," akaniambia. "Kamfuata bibi yako Ulaya. Akipoa hasira atarudi."

Atarudi vipi mtu kutoka Ulaya? Pale zahanati palikuwa na sista mmoja Mzungu, mpole, alituaga kwamba anakwenda Ulaya kupumzika kidogo, na huko kupumzika mpaka leo hajamaliza. Basi nikajua sina mama. Mchana nilijikaza. Shuleni nikawa mtu mkubwa: mama yangu kapanda ndege, mama yangu anakunywa chai na mkate asubuhi na jioni, kule hakuna kutwanga. Nikirudi nyumbani nilikuta ugali wa baba, mabonge nje na unga mkavu ndani, nikaula nikilia, na baba akajua nalilia ugali.

Wiki zikapita hivyo. Baba hakutaka kumfuata. Alisema mke aliyeondoka kwa miguu yake arudi kwa miguu yake. Mpaka siku moja anatoka kazini na baiskeli akatukuta watoto njiani tumesimama, wamenizunguka.

"Mama yako kaolewa na Mzungu," mmoja ananiambia. "Ndiyo maana harudi."

"Nani kaolewa?" baba akauliza. Wote wakatimka. Nikabaki mimi.

"Tatu, umewaambia mama yako yuko wapi?"

"Ulaya."

"Ulaya gani?"

"Kwani kuna ngapi?"

Baba alianza kucheka. Nakumbuka mdomo ulifunguka, meno yakaonekana, halafu cheko likafia pale pale. Akanitazama uso, michirizi ya machozi na vumbi. "Wewe unadhani mama yako harudi tena," akasema.

"Kwani sista karudi?"

Aliisukuma baiskeli mpaka nyumbani, na baiskeli ile baba alikuwa haisukumi, anaipanda. Akaipindua juu chini, akatoa gundi na viraka, akaziba hata palipokuwa hapajatoboka. Ndipo akaniambia, "Kesho oga mapema. Tunakwenda Ulaya kumchukua mama yako."

Ningeweza kuandika kitabu kizima juu ya safari ile na mkono usichoke. Baba alifunga mto wa pamba kwenye bomba la mbele, akanikalisha hapo, mikono yake huku na huku kama ua wa nyumba. Tulitoka jua linachomoza. Barabara ya mashamba ya mkonge ilikuwa nyekundu, imenyooka kama imepigwa rula, mkonge kulia, mkonge kushoto, mistari inakuzungusha macho ukiipita kwa kasi. Tukapita korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, na harufu yake ya majani yaliyooza ambayo wageni huifungia pua, kwetu ni harufu ya nyumbani. Changarawe zilikuwa zinaruka chini ya tairi, tak, tak, zinagonga madigadi. Kanga wa porini walikuwa wanavuka barabara na watoto wao, baba ananiambia, "Wapigie," napiga kengele, wanakimbia na vile visketi vyao. Magari? Hatukukutana na gari hata moja. Nani alikuwa na gari? Barabara ilikuwa yangu. Mpaka leo nikipanda basi nikaona malori yanavyobanana kule Mikumi kwenye lami, nawaonea huruma watoto wa siku hizi.

Kilosa mjini tulipumzika karibu na stesheni. Baba akaninunulia vitumbua.

"Baba, ndege iko wapi?"

Akapiga bomba la baiskeli kwa kiganja. "Hii hapa. Umekaa juu yake tangu asubuhi."

Niliamini. Sasa nauliza, kwa nini nisiamini? Tulikuwa tunaruka kweli kwenye mashimo.

Tukavuka daraja la Mkondoa, nikaona mto mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikajiambia bado, kwa sababu mwalimu alisema bahari haina daraja. Baada ya hapo ukaanza msitu wa miyombo. Ghafla jua likawa la madoa, kukawa na ubaridi, na nikasema moyoni, ndiyo hii baridi yenyewe, tunakaribia. Barabara iliingia mabondeni, ikapanda, ikashuka. Kwenye kupanda baba alishuka akasukuma, mimi juu kama bibi harusi. Kwenye kushuka hakushika breki. Upepo ulinijaa mdomoni, machozi yakanitoka yakakimbilia masikioni, na baba nyuma yangu, mtu mzima, mkata mkonge mwenye mikono migumu kama magome, anapiga ukelele mmoja mrefu mpaka chini.

Tulifika mto mwingine, na hapo daraja lilikuwa limechukuliwa na maji ya masika. Baba akavua viatu, akakunja suruali, akanivusha mgongoni, akarudi akaibeba baiskeli begani. Mimi nimesimama ng'ambo natetemeka kwa furaha.

"Baba, hii ndiyo bahari?"

Akafikiri kidogo. "Onja."

Nikaonja. "Haina chumvi."

"Basi tumepita pasipo na chumvi," akasema, akatweta, akaitua baiskeli.

Mbele yake tulikuta mavi ya tembo katikati ya barabara, bado yanatoa moshi. Baba akaweka kidole mdomoni, akakanyaga pedeli taratibu kabisa, na mimi nikaziba kengele kwa mkono wote isije ikalia yenyewe. Twiga walitutazama juu ya miti, wanatafuna. Nikashangaa mwalimu hakututajia kwamba Ulaya wana twiga.

Tulifika alasiri. Nyumba mpya nyingi, zimepangwa kwenye mistari kama mkonge wetu, udongo wa kuta haujakauka, miti yote imekatwa. Na mbele ya nyumba ya kwanza kubwa, ofisi ya kijiji, amesimama Mzungu. Mweupe uso, mweupe mikono, mweupe mpaka kope. Nikashuka kwenye bomba, miguu imekufa ganzi, nikamsalimia kwa ile salamu aliyotufundisha mwalimu.

"Gudi moning, sa."

Mzungu akaweka ndoo chini. "Mtoto wa nani huyu hajui shikamoo?" akasema. "Tatu? Siyo Tatu wewe?"

Alikuwa mjomba. Alikuwa anapaka ofisi chokaa, kuna mkubwa anakuja. Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta mbichi akachafua shati. Mjomba alipoelezwa na yeye akacheka, chokaa ikapasuka usoni mistari mistari. Mimi sikucheka. Niliwauliza, "Sasa mama yuko wapi?" maana kama Ulaya ya ndege haipo, nilitaka mtu aniambie mama yangu yupo.

"Yupo kwa bibi yako," mjomba akasema. "Ila shemeji, nikuambie mapema, dada hajapoa."

Hapa nieleze jambo kwa vijana, maana siku hizi nawaona mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwetu mwanamume hakumkaribia mama mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakuongea naye, hakukanyaga uwanja aliokaa. Na bibi alikuwa amekaa uwanjani anachambua mboga, mama pembeni yake, mgongo ametugeuzia. Basi baba akasimama mbali kabisa, pale barabarani, ameshika baiskeli yake, kama mtu anayesubiri treni. Mke yuko pale, anamwona, na hawezi kusogea. Maneno yote ilibidi nibebe mimi.

Nilikimbia nikamwangukia mama. Alinikumbatia, akaninusa kichwa, akalia kidogo, halafu akajifuta na kuwa mkali tena. Bibi akasema, "Mke mwenzangu, umekuja kunipokonya mume na huku?" Utani wake huo tangu nizaliwe, ingawa babu alishakufa zamani.

"Mama, baba anasema turudi nyumbani," nikasema. Baba alikuwa hajasema hivyo, alikuwa amesema, "Kamwulize hali." Lakini mimi niliona hali yake nzuri tu.

Mama akatupa jicho barabarani. Akasema polepole, kila neno kwa uzito wake: "Kamwambie baba yako, nitarudi nikijua baiskeli hiyo itanifikisha kwa mama yangu kila nitakapotaka."

Nikakimbia. Ulikuwa umbali mkubwa kwa miguu yenye ganzi, nikajikwaa, nikainuka, na nilipomfikia baba pumzi imeniishia na maneno yamepukutika njiani.

"Mama anasema... atarudi akijua baiskeli."

Akakanyaga pedeli kinyumenyume, tik tik tik tik.

"Kasema hivyo? Mbele ya mama yake?"

"Ndiyo."

"Akijua baiskeli."

"Ndiyo, baba."

Kwenye kambi yetu hapakuwa na mwanamke anayejua baiskeli. Kwenye kijiji kile hapakuwa na mwanamke anayejua baiskeli. Baba aliitazama ile baiskeli yake, usukani, kiti, keria, kama mtu anayeaga. Nikaona akigeuka nusu, kuelekea tulikotoka. Halafu akageuka tena.

"Kamwambie ajifunge khanga ya pili," akasema, "aje hapa barabarani."

Nilimpelekea mama. Akashangaa. "Nije kufanya nini?"

"Kufundishwa baiskeli. Si ulisema utarudi ukijua baiskeli?"

"Mimi nilisema hivyo?"

Bibi hakuinua uso kwenye mboga zake. "Ulisema," akasema. "Masikio yangu mazima. Nenda, usimweke mkwe wangu juani."

Mama alimtazama bibi, akanitazama mimi, akatazama kule barabarani. Na ule ukali ukaanza kumtoka, kwenye pembe za mdomo kwanza. Akaingia ndani, akatoka na khanga ya pili kiunoni, imefungwa kama mtu anayekwenda kupigana.

Kijiji kizima kilitoka. Barabara ya mchanga mgumu, hakuna gari la kuja mbele wala nyuma, na mama yangu juu ya baiskeli nyeusi, baba ameshika kiti, anakimbia. Alianguka. Alianguka tena, wakaanguka wote wawili, baiskeli juu yao.

"Shemeji, umetuletea sarakasi," mjomba akapiga kelele, bado mweupe.

"Mshike vizuri, atatukimbia na mali ya watu," mwanamke mmoja akasema.

Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwanamke akipanda baiskeli uzazi unaharibika. Mama akamjibu akiwa chini, anatoa mchanga mdomoni, "Baba, shikamoo. Nimeshazaa, yule pale." Watu wakafa kwa kicheko.

Kilichonishangaza mimi ni baba. Yule wa spoki zitakatika. Sasa usukani umepinda, pedeli imekwaruzwa, digadi imebonyea, na yeye anasema tu, "Tazama mbele. Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda. Tena." Jasho linamtiririka. "Tena, Mama Tatu." Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Ikafika wakati anakimbia nyuma ya mama akasahau kabisa mila, akakatiza uwanja wa mama mkwe, akapita mbele yake karibu amkanyage. Bibi akajifunika khanga usoni upesi. Lakini khanga yote ilikuwa inatikisika.

Halafu baba akaachia kiti. Hakumwambia. Mama alikwenda, akakwenda, anaongea naye akidhani yupo nyuma. "Umenishika?" anauliza. "Baba Tatu, umenishika?" Na baba amesimama katikati ya barabara, mikono imening'inia. Wanawake ndio waliomjibu mama, kwa vigelegele, na vigelegele vile vilimfuata nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa kijiji.

Tuliondoka asubuhi. Mama alimuaga bibi kwa kifupi, bila kulia, kama mtu anayekwenda sokoni. Kwenye mito na mabonde baba alisukuma, lakini tulipotoka msituni, barabara ikafunguka, nyeupe, tupu, ikaanza kuteremka kuelekea Mkondoa, mama akasema, "Nipe." Baba akampa. Nikapanda kwenye keria, nikakamata khanga kwa mikono yote.

"Breki ya nyuma," baba akasema. "Ukibana ya mbele peke yake utaruka."

Mama akakanyaga. Tulianza polepole, tunayumba, baba anatembea pembeni, halafu anatembea haraka, halafu anakimbia na viatu mkononi. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amebaki nyuma, mdogo, vumbi limemfika kiunoni.

"Mama, baba anaita tumsubiri."

"Namsikia," mama akasema, na mgongo wake wote ulikuwa unacheka chini ya mikono yangu. "Shikilia vizuri, tunateremka."